Shangazi, sosi yangu ya saumu inakatika kila nikitengeneza

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi napenda sana ile sosi nyeupe ya mayonezi na kitunguu saumu yenye majani majani ya kijani, ya kuchovyea chipsi, sasa nikaamua nitengeneze mwenyewe nyumbani. Nimejaribu mara tatu na mara zote tatu inaanza vizuri afu ghafla inakatika, inakuwa mafuta mafuta na vipande vya yai vinaelea. Kiini kimoja, mafuta kikombe kizima, yai nalitoa friji nalipasua hapohapo, na mafuta namimina taratibu kabisa naapa. Juzi nilikasirika nikaimwaga yote kwenye sinki, mume wangu anacheka mpaka leo. Nakosea wapi? – *Mchovya Chipsi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, ila hapo kwenye sinki ndo umenikera, maana ile sosi ilikuwa haijafa, na mafuta yale yataziba bomba lenu afu mumeo aache kucheka.

Taratibu yako na taratibu ninayosema mimi nahisi ni vitu viwili tofauti. Mwanzoni humimini, unadondosha. Yani kile kijiko cha chai cha kwanza cha mafuta kiingie tone kwa tone huku mkono mwingine unapiga na mchapo (ule wa kupigia mayai) bila kupumzika, ukiona kile kiini kimeanza kuwa kizito na kimebadilika rangi kuwa cheupe cheupe hapo ndo unaongeza kijiko kingine, afu kingine, na ukishafika kama robo ya mafuta yako ndo una ruhusa ya kumimina kamstari kembamba. Wengi tunaharibu dakika ile ya kwanza, huko mbele hata ukiharakisha kidogo inakusamehe.

Sababu ni hii. Mafuta na maji havipatani, hilo unalijua, sasa ndani ya kiini kuna kitu kinaitwa lesithini ambacho upande mmoja kinashika maji na upande mwingine kinashika mafuta, kwahiyo kila tone la mafuta unalolipasua kwa kupiga linavishwa kakoti kadogo lisirudi kuungana na wenzake. Ukimwaga mengi kwa mkupuo matone yanakutana kabla hayajavaa koti, yanaungana, na ndo hiyo supu yako. Yai la baridi nalo linakupa shida, liache nje ya friji nusu saa kwanza au lilaze kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano.

Na kikombe kizima kwa kiini kimoja kwa anayejifunza ni kingi. Sio kwamba kiini hakiwezi, kinaweza kabisa hata zaidi, kinachoisha ni maji ya kuyatenganisha hayo matone. Anza na hivi: kiini 1, haradali ile ya kwenye chupa kijiko 1 cha chai, maji ya limau vijiko 2 vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, mafuta mililita 150 ya kupikia yasiyo na harufu kama ya alizeti. Piga vyote kwanza bila mafuta, afu ndo udondoshe. Kuna jambo linachanganya watu hapa, ukizidisha mafuta sosi haiwi nyepesi, inakuwa nzito zaidi, kwa sababu matone yanabanana yanakosa pa kusogea. Kwahiyo ukiona imekuwa ngumu kama siagi na mafuta bado yapo usiendelee kumimina, weka kijiko kimoja cha chai cha maji, piga, itapumua, ndo uendelee.

Ikikatika tena (itakatika tu siku moja, hata yangu hukatika nikipokea simu) chukua bakuli safi weka kiini kipya au kijiko cha haradali na maji kidogo, afu ile iliyokatika ndo inageuka kuwa mafuta yako, unaidondosha mulemule tone kwa tone. Inarudi kabisa kama haikuwahi kugombana na mtu.

Kama una blenda ile ya mkono ya kusimamisha, sahau yote ya kudondosha. Chukua chombo kirefu chembamba ambacho kichwa cha blenda kinaingia kikiwa kimebanwa banwa, weka yai zima, haradali, limau, chumvi, mafuta mililita 200 juu yake, subiri yai likae chini, shusha blenda mpaka iguse kitako na ifunike kile kiini, washa USIINUE. Hesabu sekunde 15, utaona weupe unapanda kutoka chini, ndo unainua polepole. Wanaoinua mapema ndo haohao wanakuja kuniandikia.

Majani yaje mwisho kabisa, vijiko vitatu vya chakula yakiwa yamekatwa katwa. Giligilani (wengine mnaiita dania au kotmiri, msigombane ni jani moja), shibiti, majani ya kitunguu, nanaa kidogo sana. Yaoshe mapema uyakaushe kwa taulo mpaka yakauke kweli, maana maji yaliyojificha kwenye majani ndo yanafanya sosi iwe chepechepe baada ya saa moja ukadhani umekosea yai. Na kata kwa kisu kikali, ukiyasaga na blenda sosi nzima inakuwa ya kijani. Sio mbaya, ila sio ile uliyoiomba.

SWALI: Shangazi yangu haikatiki, tatizo saumu inachoma ulimi kama pilipili na kesho yake hata nikiongea watu wanasogea pembeni. Naweka punje nne. Nipunguze? – *Mdomo Mzito*

JIBU: Punguza ndio, punje nne za nini kwa kiini kimoja jamani, moja au mbili zinatosha. Ila kuna ujanja pia. Punje ikiwa nzima haina ukali, ukali unazaliwa pale unapoiponda, vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani yake vinakutana na kutengeneza ule mchomo. Limau linauzuia ukali huo kuzaliwa, kwahiyo weka punje kwenye kinu pamoja na yale maji ya limau na chumvi ya kwenye sosi ndo utwange, usitwange kwanza ukaja kumimina limau baadae. Wacha dakika kumi, ukitaka ya kistaarabu zaidi chuja utumie yale maji tu. Na lile chipukizi la kijani katikati ya punje kuukuu toa, linaongeza uchungu.

Njia ninayoipenda mimi ni kupika saumu ikiwa nzima na maganda yake, kwenye kikaango kikavu moto mdogo kama robo saa ukigeuza geuza mpaka ilainike. Hapo unaweza kuweka hata punje sita, inakuwa tamu tamu. Ya kesho yake kazini siwezi kukuahidi.

SWALI: Habari dada. Nina mimba ya miezi mitano na hamu ya hii sosi imenishika vibaya. Mama mkwe ananiambia nichemshe yai dakika moja tu linakuwa salama. Ni kweli? – *Mwenye Hamu*

JIBU: Hongera mdogo wangu. Mama mkwe mpe heshima zake zote lakini dakika moja haitoshi, kiini kinakuwa kimepata uvuguvugu tu na kama kuna salmonela (bakteria wa kuharisha) ndani inabaki. Limau nalo usilitegemee peke yake. Kwa mjamzito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu yai bichi liacheni, labda mpate yale yaliyopasteurishwa, yani yaliyopashwa moto kiwandani kuua bakteria bila kuiva.

Tengeneza ya maziwa, hutajuta. Maziwa mililita 100 yaliyochemshwa au ya paketi, yakiwa ya baridi, mafuta mililita 200, chumvi, saumu yako, blenda ya mkono kama nilivyomwelekeza mwenzio hapo juu. Protini za maziwa zinashika mafuta vizuri tu. Limau weka MWISHO baada ya kuwa nzito, ukianza nalo maziwa yanaganda, ukimaliza nalo sosi inakaza zaidi. Majani yako osha sana sana kwa maji safi.

Na hii ni kwa wote: sosi ikae friji, chombo kimefunikwa, siku tatu mwisho. Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Halafu wale mnaoloweka saumu mbichi kwenye chupa ya mafuta na kuiweka kabatini wiki nzima eti iwe tayari kwa sosi, acheni kabisa. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria wa botulizimu wanaopenda hivyohivyo, na sumu yao haina harufu wala ladha ya kukushtua.

SWALI: Nimetumia mafuta ya zeituni yale mazuri ya bei, sosi imekuwa chungu!! Nimeibiwa dukani? – *Zeituni*

JIBU: Hujaibiwa. Yale mazito ya kukamuliwa bila moto yakipigwa kwa kasi na blenda uchungu wake unajitokeza. Tumia ya alizeti kwenye blenda, ya zeituni weka vijiko viwili mwishoni ukoroge kwa mkono.

SWALI: Naweza kutengeneza nyingi nikagandisha friza? – *Bize*

JIBU: Hapana, ikiyeyuka inakatika. Kiini kimoja kinatosha watu wanne wa kawaida, wa kwangu mimi ni viini viwili na bado wanapangusa bakuli na mkate.