Tairi za 185/60R14 za Mazda MX-5 ya zamani

Ndugu, uliyeuliza tairi za MX-5 ya 1990: usihangaike na 185/60R14 (upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 14), zenye mshiko wa maana zimeadimika. Hamia rimu za inchi 15, uvae 195/50R15. Kimo cha tairi ni milimita 576 badala ya 578, kwa hiyo spidomita haitadanganya. Rimu iwe 4x100, yaani nati nne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na tundu la kati milimita 54.1; za Toyota Vitz nyingi zina vipimo hivyo.

Kabla hujalipa, soma tarakimu nne ubavuni mwisho wa DOT, yaani msimbo wa utengenezaji wa tairi: 2318 ni wiki ya 23, mwaka 2018. Tairi kongwe hukauka, na kwenye lami yenye maji huteleza kwa urahisi. Tafadhali, usinunue mtumba.