Kabla Hujapakua Kanzidata Nyingine ya Mimea

Msomaji mmoja ameniandikia akitaka nimtajie kanzidata iliyo bora kuliko zote ya kuunganisha mimea inayoliwa na afya ya binadamu. Barua yake imenifikia wakati mzuri, kwani makala yangu ya utafiti kuhusu mada hiyo imekubaliwa kuchapishwa majuzi, baada ya jarida la kwanza kuikataa kwa hoja ambayo bado inaniuma: kwamba jedwali langu la mahusiano kati ya mimea, kemikali zake na magonjwa lilikuwa fupi mno.

Lilikuwa fupi kwa makusudi. Yeyote anaweza kuchukua orodha ya kemikali za kitunguu kutoka FooDB, kanzidata ya kemikali za vyakula, akatafuta katika ChEMBL, kanzidata ya athari za kemikali kwa protini za mwili, protini zinazoathiriwa na kila kemikali, kisha akaziunganisha protini hizo na magonjwa. Kompyuta itamletea mtandao wa mahusiano mnene kiasi kwamba karibu kila mmea utaonekana kutibu karibu kila ugonjwa. Mimi nilikata zaidi ya nilivyounganisha, na hilo ndilo ninalojivunia.

Nilianza na majina. Nyanya, ambayo Linnaeus aliipa jina la Solanum lycopersicum mwaka 1753, imeandikwa katika kumbukumbu nyingi kama Lycopersicon esculentum, na programu isiyojua hivyo huhesabu mmea mmoja mara mbili. Kwa kemikali niliachana na majina kabisa, nikatumia InChIKey, utambulisho unaotokana na muundo wa molekuli yenyewe. Kisha nikatenganisha sehemu za mmea, maana kilichopimwa katika jani hakithibitishi lolote kuhusu tunda linaloliwa.

Kazi ngumu ilikuwa kiasi. Kwasetini, mojawapo ya kemikali za kitunguu, kwa sehemu kubwa imefungamana na sukari, na utumbo na ini huibadilisha kabla haijaenea katika damu. Jaribio lililomwagia seli kwasetini tupu, tena kwa ukolezi ambao mlo wa kawaida haufikii, nililiondoa bila huruma, hata lilipokuwa limenukuliwa na kila mtu. Ndugu zangu, tuache kuhesabu mistari ya mtandao kana kwamba ni ushahidi! Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe iliondoa mwaka 2012 kanzidata yake ya ORAC, iliyopima nguvu ya vyakula dhidi ya oksidisho, kwa kuwa vipimo vya maabara havikuonyesha kinachotokea mwilini na wafanyabiashara walikuwa wakivitumia kupigia debe bidhaa zao. Namba hizo bado naziona zikinakiliwa.

Uhusiano wa kweli hustahimili ukataji. Watafiti wa Kanada walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, dawa ya shinikizo la damu, na mwaka 1989 wakaripoti matokeo yaliyofichua kwamba juisi hiyo hupandisha kiwango cha dawa katika damu. Baadaye ikajulikana kuwa kemikali za tunda hilo ziitwazo furanokumarini huzuia CYP3A4, kimeng'enya kinachovunja dawa hiyo katika ukuta wa utumbo. Hapo pana mmea, sehemu, molekuli, kiasi na tokeo lililopimwa kwa binadamu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na Phenol-Explorer ya Ufaransa, ambayo hutoa kiasi cha polifenoli, kundi la kemikali za mimea ambamo kwasetini imo, kwa kila gramu 100 za chakula na kueleza pia mabadiliko yake mwilini. Ni ndogo kuliko FooDB, na mhakiki wako huenda akalalamika.