Mayai ya kutotolesha kutoka Mtwara: ogopa joto kabla ya kuogopa mashimo

Wateja wanaonipigia simu kutaka mayai ya kuchi, wale kuku wa kienyeji warefu, swali lao la kwanza huwa hili: "Dada, hayatavunjika njiani?" Nawajibu, lakini ningefurahi zaidi wangeniuliza yatasafiri kwenye joto gani. Yai lililopasuka unaliona ukifungua boksi, unalitupa, yameisha. Lililoharibiwa na joto linafika zima kabisa, linapendeza, unaliweka kwenye mashine na kulilipia umeme siku 21, halafu linatoka viza.

Nafugia Naliendele, na mayai yangu mengi yanapanda basi kwenda Dar es Salaam, machache yanashukia Lindi au Kibiti. Posta ipo, na EMS, huduma yake ya haraka, ipo. Kwa mayai mimi nachagua basi kwa sababu naona kwa macho mzigo unapowekwa, na mwenye mali anaweza kuusubiri palepale stendi. Wewe unayetumia posta, ulizia jambo moja kabla ya kulipa: mzigo utalala wapi, na siku ngapi.

Tuanze na hilo joto. Kiinitete ndani ya yai lenye mbegu huanza kukua kidogo kidogo joto likipita nyuzi 20 na ushee. Hakipati joto la kukitosha, kwa sababu mashine inataka nyuzi 37.5, lakini hakitulii pia. Kinaamka, kinasita, kinaamka tena, mwisho kinakufa kabla hata hujakipa nafasi. Pa kuyahifadhi panatakiwa pawe na nyuzi 13 hadi 18. Sasa niambie, Mtwara ya Desemba, kaskazi inavuma, nyumba ya bati, utazipata wapi nyuzi 18? Friji la jikoni nalo ni baridi mno. Wapo wanaoshauri chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa maji. Kwa Dodoma huko sawa, hewa ni kavu. Huku pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, kwa hiyo chungu hakipoi sana. Ninachofanya ni kuokota mayai mara tatu kwa siku, kuweka trei kwenye sakafu ya saruji katika chumba kisichopigwa na jua la mchana, na kutokaa nayo. Yai langu likifikisha siku nne halisafiri, linaliwa. Mpokeaji anatakiwa aliweke kwenye mashine kabla halijatimiza siku saba tangu litagwe, kwa hiyo naandika tarehe juu ya kila ganda kwa penseli. Kalamu ya wino hapana, ganda lina vitundu na wino unapenya.

Angalia pia kiota. Kuku wa kienyeji hupenda kutagia pamoja, na akiwemo mmoja anayetaka kuatamia, anayakalia mayai ya wenzake usiku kucha. Hayo yameshaanza safari ya kuwa vifaranga. Ukiyapooza na kuyatuma umeyaua. Huyo mtamiaji mhamishe, au umpe yake mwenyewe.

Mayai machafu siyatumi, na siyaoshi. Kuosha kunaondoa utando unaozuia vijidudu kuingia. Yenye umbo la ajabu, makubwa kupita kiasi au yenye ganda jembamba yanabaki nyumbani. Usiku nayamulika kwa tochi moja moja, maana ufa mwembamba kama unywele hauonekani mchana, lakini kwenye mwanga unatokea kama mstari mweupe. Na kila nikibadilisha jogoo navunja mawili matatu ya kukaanga kwanza, nitazame kile kidoa cheupe juu ya kiini. Kikiwa na duara kuzunguka, mbegu ipo. Kikiwa kidoa kitupu, nasubiri.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Trei ya kawaida ya karatasi, ncha iliyochongoka chini, upande butu juu, kwa sababu chumba cha hewa kiko upande butu na hakitakiwi kuhama. Kila yai nalizungushia karatasi laini. Kati ya trei na trei naweka sponji. Nenda kwa fundi makochi, vipande anavyotupa vinakutosha mwezi mzima. Kisha boksi hilo linaingia ndani ya boksi kubwa zaidi, na nafasi iliyobaki naijaza maranda ya mbao. Chukua maranda makavu, si unga wa msumeno, ambao unaziba vitundu vya ganda. Ukilitikisa boksi polepole usisikie kitu kikicheza, umemaliza. Toboa matundu machache ubavuni, yai linapumua. Na kama mayai yalikuwa mahali pa baridi, yaache kwanza yapate joto la chumbani kabla ya kuyafunga, yasije yakatoka jasho ndani ya boksi.

Juu naandika kwa herufi kubwa: MAYAI YA KUTOTOLESHA, SI YA CHIPSI. Makonda wanacheka, lakini wanakumbuka.

Hapo stendi ndipo penye kazi. Mabasi mengi ya siku hizi injini iko nyuma, na buti iliyo karibu nayo inachemka. Omba buti ya mbele, mzigo uwe juu ya mingine, usiwe chini ya magunia. Msimu wa korosho buti zinajaa hadi juu, ni bora usubiri basi lingine kuliko kukubali "tutaubana tu, mama". Na usikubali liwekwe mbele kwenye kioo cha dereva kwa heshima, jua la pale ni la kuokea mkate. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea usiku, mimi natuma usiku. Mayai yanapita Nangurukuru na daraja la Mkapa kukiwa kumepoa, asubuhi mtu anayachukua. Kibali cha kusafirisha mazao ya mifugo ulizia kwa afisa mifugo wako mapema, usisubiri kuulizwa barabarani.

Mpokeaji, sasa ni zamu yako, na hapa wengi wana haraka. Usiyatie kwenye mashine siku ileile. Yasimamishe kwenye trei, ncha chini, mahali pa kivuli, saa 12 hadi 24. Kisha mulika upande butu. Chumba cha hewa kikiwa kimetulia, endelea kama kawaida. Kikicheza ukiinamisha yai, mtikiso umekilegeza: liweke wima kwenye mashine, usiligeuze siku mbili tatu za mwanzo, baadaye uwe unaliinamisha tu huku na huku. Siku ya saba mulika tena, toa yasiyo na mishipa ya damu. Siku ya 18 acha kugeuza.

Unaponunua, muulize muuzaji kundi lake lina afya gani. Pulorumu, ile inayoharisha vifaranga nyeupe, hupita ndani ya yai kutoka kwa mama, na hakuna boksi linaloizuia.

Kuhusu fedha, makubaliano yangu ni mafupi. Nalipia yaliyopasuka ukinitumia picha siku uliyopokea. Idadi ya vifaranga sikuahidi, maana mashine ni yako na umeme si wangu. Kwa mayai yaliyosafiri, ukitotolesha nusu umefanya vizuri. Masika oda nazipokea bila kupanga tarehe. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ilikatika upande wa Kilwa na mabasi yakakwama. Kwa hiyo mvua ikichachamaa huko, nakupigia simu, fedha yako narudisha au unangoja mayai mapya.