Paka mnene na safari ya ndege: maswali yenu

Paka wangu ana kilo 5. Je, amenenepa?

Kilo peke yake haitoshi kusema. Kuna paka wenye umbo kubwa ambao kwao kilo 5 ni sawasawa, na kuna wadogo ambao kilo hizo ni mzigo. Tumia mikono. Pitisha viganja ubavuni bila kubonyeza: mbavu uzihisi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako. Ikibidi ubonyeze ndipo uzipate, mafuta yamezidi. Halafu mtazame kutoka juu akiwa amesimama. Nyuma ya mbavu paonekane kiuno. Ile ngozi inayoning'inia chini ya tumbo na kuyumba anapokimbia isikutie hofu, hata paka wembamba wanayo.

Tangu ahasiwe ananenepa, ingawa chakula ni kile kile.

Ni kwa sababu chakula ni kile kile. Paka akishahasiwa mahitaji yake ya nishati hushuka, mara nyingi kwa kama robo, na wakati huohuo hamu ya kula hupanda. Mpimie kwa gramu kwenye mizani ya jikoni, maana kikombe hudanganya. Chakula cha kopo huwasaidia wengi: karibu robo tatu yake ni maji, kwa hiyo anashiba kwa kalori chache. Vitafunwa visipite sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Na mkubaliane nyumbani nani anamlisha, kwa sababu paka hajui kusema kwamba asubuhi ameshakula mara mbili.

Nasafiri baada ya wiki 3. Paka ana kilo 7.2, mkoba wake kilo 1.5, na shirika la ndege linaruhusu kilo 8 kwa jumla. Nimnyime chakula siku chache?

Hapana, nakusihi usifanye hivyo. Paka mnene akikaa bila kula hata siku mbili tatu, mwili huanza kuyasukuma mafuta yake kwenye ini kwa wingi ambao ini haliwezi kuuhimili. Ini hujaa mafuta, macho na ufizi hugeuka manjano, na asipotibiwa haraka hufa. Mbwa huvumilia njaa kuliko paka, na watu wengi hukosea kwa kuwafananisha.

Kasi ya salama ni kupunguza kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya uzito kwa wiki. Tuchukue asilimia 1: kwa paka wako ni gramu 72 hivi. Wiki 3 zitakupa gramu mia mbili na kidogo, nawe unatafuta 700. Ni kazi ya wiki 10. Kwa safari hii tafuta mkoba mwepesi wa kitambaa, uliza mashirika mengine kikomo chao, au sogeza tarehe. Lishe anze nayo sasa hata hivyo, kwa kipimo cha daktari wa mifugo, maana kilo 7.2 zinamkaribisha kisukari na maumivu ya viungo, awe anapanda ndege au la.

Nimpe dawa ya usingizi?

Usimpe kwa uamuzi wako. Dawa za kulaza zinaweza kushusha presha na kumfanya ashindwe kurekebisha joto la mwili, na angani hakuna wa kumhudumia. Paka wenye pua bapa, kama wa Kiajemi, wako hatarini zaidi kwa sababu kupumua kwao tayari ni kwa taabu. Akiwa na wasiwasi mwingi, daktari anaweza kuandika kitulizo chepesi, nacho mjaribishe nyumbani kabla ya siku ya safari.

Dawa bora ni mkoba wenyewe. Uache wazi sebuleni wiki kadhaa, mlishie humo, autumie kama kitanda chake.

Kwenye ukaguzi itakuwaje?

Kwa kawaida mkoba hupita kwenye mashine na paka hupita mikononi mwako. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba kabla hamjatoka nyumbani. Omba chumba cha faragha chenye mlango unaofungwa; paka aliyeshtuka huchomoka kwa kufumba na kufumbua.

Karatasi gani zinatakiwa?

Inategemea uendako, na ndizo zinazokula muda. Umoja wa Ulaya unataka chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na umri wa angalau wiki 12, kisha kusubiri siku 21. Kwa nchi nyingi zisizo kwenye orodha yao kuna pia kipimo cha damu, kisichochukuliwa kabla ya siku 30 baada ya chanjo, na miezi 3 ya kungoja baada ya hapo. Uingereza hairuhusu paka kuingia akiwa kwenye viti vya abiria. Hufika kama shehena.

Na haja?

Mlishe kidogo saa 4 hadi 6 kabla ya kuruka, maji usimnyime. Tandika kitambaa kinachofyonza, beba cha akiba. Paka wengi huvumilia mpaka mfike.