Maswali ya soya: kutu haifi kwa dawa ya viwavi

Swali (Mbozi): Majani ya chini ya soya yangu yana madoa ya kahawia. Nimepuliza dawa ya viwavi mara tatu bila mafanikio. Nifanyeje?

Jibu: Kila msimu huniandikia watu waliobeba bomba mgongoni kabla ya kugeuza jani. Ligeuze sasa, kisha upanguse mgongo wake kwa kitambaa cheupe: ukiona vipele vidogo, na kitambaa kikabaki na unga wa kahawia, hiyo ni kutu, nayo husababishwa na kuvu, kwa hiyo dawa ya viwavi haitaiweza hata ukipuliza mara kumi. Vipele visivyotoa unga, vilivyozungukwa na umanjano, huenda ni vya bakteria, ambao dawa ya kuvu nayo haiwagusi. Kutu ikithibitika, tumia dawa ya kuvu iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, soya inapoanza kuchanua, ukihakikisha inafika majani ya chini, kwani ndiko ugonjwa unakoanzia. Punje zikishajaa ndani ya maganda, usipoteze fedha. Dawa iliyopimwa upya dukani kwenye chupa ya maji isiyo na lebo usiinunue kamwe.

Swali (Njombe): Je, majivu yanatibu kutu?

Jibu: Hapana.

Swali (Mufindi): Nikipanda soya na mahindi kwa zamu, kutu itaisha?

Jibu: Haitaisha, kwa sababu kuvu huyu huishi kwenye majani mabichi, na vijimbegu vyake huletwa na upepo kutoka kwa jirani. Endelea hata hivyo, maana magonjwa yanayojificha kwenye mabaki ya mazao hupungua. Ng'oa pia maotea ya soya, yaani mimea iliyojiotea yenyewe, kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) wakati wa kiangazi, kwani ndiyo yanayoihifadhi kutu hadi mvua zirudi.

Swali (Mbeya): Dawa ya soya ni ipi?

Jibu: Ya ugonjwa gani, ndugu yangu? Au ya mdudu gani?

Swali (Iringa): Mbegu ipi haishikwi na kutu kabisa?

Jibu: Hakuna ya kudumu, kwa sababu kuvu huyu ana aina nyingi na huvunja ukinzani wa mbegu. Waulize watafiti wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mbeya, kuhusu mbegu zinazostahimili, kisha uzipande sambamba shambani mwako, kila moja mistari michache, ukiacha sehemu ya kila mbegu bila kupulizwa. Vuna kila sehemu peke yake na upime kwa mzani mmoja. Asiyeacha sehemu isiyopulizwa hawezi kujua kama aliokolewa na dawa au na mvua iliyokuwa haba, ambayo nayo huipunguza kutu.