Sakafu ya kiwanda cha alizeti inateleza kila asubuhi: je, niweke vigae?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Tuko 11 pamoja na vibarua wa kubeba magunia. Tangu msimu uanze watu wanne wameshaanguka. Watatu waliteleza karibu na mashine ya kukamua, wa nne aliteleza kwenye ngazi ya kupandishia mbegu kwenye hopa (chombo cha juu kinacholishia mashine mbegu) akavunjika mkono. Sakafu yetu ni ya niru (saruji iliyolainishwa juu). Tunapiga deki kila jioni kwa maji na sabuni ya unga, tumebandika bango la utelezi, na kila siku nawakumbusha wawe makini. Asubuhi bado panateleza. Fundi ananishauri niweke vigae. Je, niweke? Na kuna kingine cha kufanya?

JIBU: Ndugu msomaji, tunampa pole mwenzenu aliyevunjika mkono. Vigae usinunue kwanza. Maelezo yako yanaonyesha mambo matatu yanayokwenda pamoja: mafuta yanadondoka muda wote, deki inayasambaza badala ya kuyaondoa, na niru ni laini mno kwa kazi ya mafuta. Ukibadili sakafu na kuyaacha hayo mawili ya kwanza, utakuwa na sakafu mpya inayoteleza vilevile. Na kuwahimiza watu wawe makini hakutasaidia sana, kwa sababu mtu mwenye gunia begani haoni miguu yake.

Anza na tone. Mashine ikiwa inakamua, chuchumaa utazame chini ya kizimba cha kukamulia, pale mafuta yanapochuruzika kati ya vyuma na kuangukia kwenye trei. Mara nyingi utakuta kona moja ya trei imepinda, na mafuta yanatambaa upande wa chini wa ukingo hadi yanaanguka sakafuni. Tone moja kila sekunde halimshtui mtu. Lakini matone 30 hivi ya mafuta ni mililita 1. Kwa saa moja hiyo ni mililita 120, na kwa zamu ya saa 10 ni lita 1.2. Yakikanyagwa yakatandazwa kwa unene wa sehemu ya kumi ya milimita, yanafunika mita 12 za mraba, yaani chumba cha mita 3 kwa 4. Kila siku.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mchomeleaji, si ya fundi wa vigae. Trei ikunjwe ukingo kwenda juu angalau sentimita 3, iinamishwe kidogo kuelekea kwenye mdomo wake, na tundu lolote linalovuja lizibwe kwa kuchomelea. Tambara lililosokotwa kwenye tundu halizibi kitu, linanyonya tu mafuta na kuyadondosha pembeni. Chini ya mashine nzima weka sinia la bati lenye kina cha sentimita 5 na linalozidi mashine kwa sentimita 20 kila upande. Fanya hivyo pia chini ya chujio. Chujio la sahani huvuja mahali ambapo kitambaa kimekunjamana au mashapo yamebaki kwenye kingo za sahani, basi kila linapofunguliwa kingo zikwanguliwe na kitambaa kinyooshwe kabla ya kukaza. Kwenye kujaza madumu, dumu likae ndani ya beseni pana, na koki iwe ya kufunga kwa robo mzunguko. Zile za kuzungusha mara nyingi huachia mafuta sekunde kadhaa baada ya dumu kujaa.

Sasa deki. Maji baridi na mafuta havichangamani, na dekio moja na ndoo moja vinachukua mafuta ya kwenye mashine na kuyapaka hadi mlangoni. Baada ya mita chache ndoo yenyewe ni maji ya mafuta. Sabuni isiyosuuzwa inakauka sakafuni usiku, na hewa ya Dodoma inakausha haraka, kwa hiyo sakafu inaonekana safi. Asubuhi wa kwanza akiingia na viatu vyenye unyevu, sabuni inaamka. Hapo ndipo jibu la "kwa nini asubuhi" linapoanzia.

Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu alizeti. Mafuta yake, yakibaki kama utando mwembamba kwenye hewa, hugeuka polepole yakawa gamba la njano linalonata. Juu ya gamba hilo hukaa vumbi la nje, kisha mafuta mapya. Sabuni ya kawaida hailiwezi. Inabidi likwanguliwe kwa mpapuro wa chuma kwanza, nalo litachukua siku nzima mara ya kwanza.

Baada ya hapo, usafi wa kila jioni uende hivi. Zima mashine. Kusanya mbegu, makapi na mashudu kwa ufagio, bila maji. Mbegu za alizeti chini ya kiatu zinabingirika kama gololi, na zikilowa zinageuka uji. Palipo na mafuta mabichi mwaga unga wa mbao, subiri dakika 15, zoa. Kisha mwaga maji ya moto, yale ambayo mkono hauvumilii kukaa ndani yake (karibu nyuzi joto 60), yenye sabuni ya kuondoa mafuta kwa kipimo cha kwenye kopo lake. Yaache dakika 5 hadi 10 yafanye kazi, yasikaukie. Sugua kwa brashi ngumu ya mpini mrefu. Sukuma maji machafu kwa mpira wa kusukumia maji hadi kwenye mfereji, usiyafyonze kwa dekio. Suuza kwa maji safi, sukuma tena, acha pakauke. Gawa sakafu nusu mbili, ili nusu moja iwe njia kavu wakati nyingine inasafishwa.

Kostiki soda msitumie. Inang'oa mafuta kweli, lakini inaunguza macho na ngozi, na ikikutana na mafuta inazalisha sabuni inayoteleza kuliko mafuta yenyewe isiposuuzwa vizuri.

Unga wa mbao na matambara yaliyonyonya mafuta ya alizeti yana hatari yake. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na matambara yakirundikwa pamoja joto hilo linajifungia ndani hadi yanawaka yenyewe bila kiberiti. Yaweke kwenye debe la chuma lenye kifuniko, nje ya jengo, mbali na magunia, na yaondolewe kila siku. Kiwanda kinaweza kuungua saa nane za usiku kwa sababu ya kona ya matambara.

Utajuaje pamesafishika? Asubuhi, pakiwa pakavu, dondosha matone machache ya maji sakafuni. Tone likitandaa na kuzama kwenye saruji, mafuta yametoka. Likijikusanya likakaa kama shanga, utando bado upo na hapo parudiwe. Jaribu sehemu tano: mbele ya mashine, kwenye chujio, kwenye madumu, chini ya ngazi na mlangoni. Mpe mtu mmoja kazi hiyo kila siku kabla mashine haijawashwa.

Tukija kwenye sakafu yenyewe. Kiatu kinaposhuka, kisigino hubonyeza umajimaji uliopo chini yake, na kisipoupenya hadi kufikia sakafu, mtu anaelea. Maji ni mepesi na hukimbia, lakini mafuta ni mazito, kwa hiyo sakafu inahitaji vinundu virefu zaidi ili vichomoze juu ya utando. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza unaweka ukwaruzo (kimo cha vinundu hivyo) wa mikroni 20 kwa sakafu inayolowa maji safi, na mikroni 70 kwa mafuta kama ya zeituni. Mikroni 70 ni kama unene wa unywele mmoja. Niru iliyopigwa ikang'aa haikaribii hapo, na kigae cha kung'aa ni kibaya zaidi. Ndiyo maana tunakukataza vigae. Vipo vya chembechembe kwa ajili ya viwanda, lakini kwa kiwanda chako kuna njia rahisi zaidi.

Huhitaji kuvunja sakafu yote. Vunja niru sehemu tatu tu: kuzunguka mashine ya kukamua, kwenye chujio na kwenye madumu, kila moja ikitoka mita 1.5 nje ya chombo. Saruji mpya haishiki kwenye saruji iliyolowa mafuta, kwa hiyo chimbeni hadi mfikie tabaka lisilo na mafuta (jaribio la tone litawaambia). Changanya saruji 1 kwa mchanga 3, mchanga mkali wa korongoni uliooshwa, unene wa sentimita 4 hadi 5. Maji ya juu yakishapotea na kabla saruji haijakaza, buruta ufagio mgumu juu yake, mistari ikate njia ya watu, yaani ipite kushoto kwenda kulia kwa mtu anayetembea mbele. Weka mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 80 kuelekea mfereji, na mfereji uishie kwenye shimo la kunasia mafuta, si barabarani. Kisha funika kwa magunia na uyaloweshe siku 7. Jua na upepo wa Dodoma hukausha saruji kabla haijakomaa, nayo inatoka vumbi na nyufa ndani ya msimu mmoja. Asidi zilizomo kwenye mafuta ghafi pia huila saruji taratibu, basi tarajia kufanya viraka baada ya miaka michache.

Kiungo cha sehemu mpya na ya zamani kiwe sawasawa. Mguu wa mtu anayetembea kawaida hupita juu ya sakafu kwa sentimita 1 hadi 2 tu, hivyo kiungo kilichoinuka sentimita 1 kinatosha kumkwaza. Hilo linahusu na kizingiti cha mlango: mtu akitoka kwenye jua kali akaingia kwenye jengo lenye giza, hatua zake za kwanza anatembea kama kipofu. Weka bati mbili tatu za plastiki zinazopitisha mwanga juu ya mlango, na kizingiti kipakwe rangi ya njano.

Viatu vinakuja baada ya hayo yote. Ndala na makatambuga visiingie ndani. Nunua buti zenye alama ya SRC, au SR kwa matoleo mapya. Hizo zimepimwa kwa utelezi. Mifereji ya soli iwe wazi hadi ukingoni ili mafuta yapate pa kutokea. Buti za mitumba zikague kwa kucha: soli ikiwa ngumu kama plastiki, iache, haitashika sakafu hata kama meno yake ni mapya. Gharama ya buti ni yako mwajiri, usiwakate mishahara.

Ngazi ya hopa inahitaji uamuzi wako wa haraka, maana ndiyo inayovunja mifupa. Mtu mwenye gunia begani hana mkono wa kushika popote. Kama unaweza, weka winchi au eleveta ya ndoo (mkanda wenye vindoo vya kupandishia), mbegu zipande zenyewe. Kama bado, shusha mzigo: mbegu zipandishwe kwa ndoo ya lita 20 isiyojaa, mkono mmoja ukiwa kwenye kishikio. Kishikio kiwe pande zote mbili, karibu mita 1 kutoka kwenye kidato. Vidato viwe na kimo kile kile, tofauti isizidi milimita 5, kwa sababu mguu unakariri kimo cha vidato viwili vya kwanza na kuutegemea mpaka juu. Vidato vya bati laini vibadilishwe kwa wavu wa chuma, makapi na mafuta yadondoke chini. Na msisahau kuvisafisha: wengi wanaosha sakafu na kuiacha ngazi.

Ubao wa kushushia magunia kwenye lori hukuutaja, lakini utazame leo. Uwe na upana wa sentimita 60, vibao vya kukanyagia kila sentimita 35, ndoana ya kuushikiza kwenye bodi, na matairi ya lori yawekewe vizuizi.

Mwisho, ajali ya mkono itolewe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), kama hujafanya hivyo. Usisubiri apone. Andika tarehe, saa, mahali na waliokuwepo, uambatishe karatasi za hospitali. Na kama kiwanda hakijasajiliwa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), usajili ni wa lazima kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Ofisi ya Kanda ya Kati iko hapo hapo Dodoma. Mkaguzi akija, mwonyeshe trei, ngazi na shimo la mafuta kabla ya kumwonyesha bango.