Kamani ya gramafoni imekatika: spea nitapata wapi?

SWALI: Assalaam aleikum Ami Fundi. Tunakarabati nyumba yetu ya Langoni, Lamu, na katika kutoa vitu vya chumba cha juu tumekuta gramafoni ya marehemu babu. Ni sanduku jeusi la kubebeka, na ndani ya kifuniko mna picha ya mbwa anayesikiliza pembe. Nilipoijaza mara ya kwanza ilicheza kama dakika moja, kisha ndani mkalia "ta!" na tangu hapo hendeli inazunguka bure. Hata hiyo dakika moja sauti ilikuwa kama nyuki ndani ya mkebe. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa anataka kuniuzia mashine nyingine nzima, yenye pembe kubwa la shaba, niitoe spea. Jirani naye ananiambia nitie sindano ya cherehani. Vipuri vya kitu kama hiki hupatikana wapi siku hizi? Tuna santuri tatu za taarabu ambazo bibi anatamani kuzisikia.

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Spea zipo, na nyingine zinatengenezwa mpya hadi leo. Ila usitume hata shilingi kwa mtu kabla hujaifungua hiyo mashine ukaona kilichoharibika. Gramafoni nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Malindi huja na orodha ya spea ndefu kama mlingoti wa jahazi, na tukimaliza kusafisha tunajikuta tunahitaji kitu kimoja au viwili.

Huo mlio wa "ta!" ni kamani, yaani springi kuu. Ama imekatika, ama tundu la ncha yake limechomoka kwenye jino la mhimili. Kabla ya kugusa chochote hakikisha haina nguvu iliyobaki: achia breki, uliache sinia la kuwekea santuri lizunguke mpaka lisimame lenyewe. Hata hivyo usiiamini. Kamani iliyokatika inaweza kuwa imejibana nusu ndani ya kasha lake, na ukifungua kifuniko inatoka kama nyoka. Mimi nilifungua moja nikiwa kijana, bila glavu, nikijiona hodari. Alama ya dole gumba la kushoto ninayo mpaka leo. Vaa glavu za ngozi na miwani, lifunge kasha kwa gunia zito, uitoe kamani mzunguko mmoja mmoja kuanzia katikati.

Ikishatoka, tazama imekatikia wapi. Ikiwa ni sentimita chache kutoka ncha yoyote, huna haja ya kununua. Masonara wa Lamu wana moto mzuri kuliko wangu. Mwambie apashe sentimita mbili au tatu za mwisho mpaka ziwe nyekundu, kisha aziache zipoe polepole zenyewe. Zisitiwe maji, zitarudi kuwa ngumu na kukatika tena. Chuma kikishalainika kinapitishwa keekee, tundu linasawazishwa kwa tupa ndogo lifanane na la zamani, na ncha ya ndani inapindwa ikumbatie mhimili. Kamani iliyopungua urefu wa kidole haitakuonyesha tofauti yoyote. Ikikatika katikati ndio basi, agiza mpya.

Hapa kwenye kuagiza ndipo watu wanapopoteza pesa. Kamani haiagizwi kwa jina la mashine peke yake. Pima upana, pima unene kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vyembamba, hadi sehemu ya kumi ya milimita, pima urefu wote ikiwa imenyooshwa, na upana wa kasha kwa ndani. Piga picha ncha zote mbili, kwa sababu nyingine zina tundu la mviringo, nyingine tundu kama yai, nyingine kulabu. Muuzaji mmoja wa ng'ambo aliwahi kuniletea kamani yenye upana sawasawa lakini nene kupita kiasi. Iliingia, nikafurahi, kisha gramafoni ikawa inachoka kabla santuri haijafika katikati. Kamani nene hujaza kasha na kukosa pahali pa kujikunjia. Ikiwa imelegea ndani ya kasha inatakiwa ichukue karibu nusu ya nafasi iliyo baina ya mhimili na ukuta. Ikizidi hapo au ikipungua, mizunguko inapotea.

Ya kwako, kwa hiyo picha ya mbwa, inaelekea ni HMV (His Master's Voice) ya Uingereza, na kwa umbo la sanduku jeusi huenda ni modeli 101, iliyotoka 1925, au 102, iliyoifuata 1931. Hii ni bahati. Zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo wauzaji wa Uingereza wanaoshughulika na gramafoni tu wana kamani zake tayari. Huko pia kuna chama cha wapenzi wa mashine hizi, City of London Phonograph and Gramophone Society, kilichoanzishwa 1919, na watu wa aina hiyo ndio wanaojua nani anauza nini. Njia nyingine ni kutafuta portabo mbovu, yaani gramafoni ya kubebeka kama yako, ya jina hilo hilo kwa ajili ya kuchinja. Uliza maduka ya vitu vya kale Mji wa Kale Mombasa, na Unguja, lakini useme waziwazi kwamba unataka iliyokufa. Ukisema unataka gramafoni tu, utaonyeshwa zile za pembe la shaba.

Na huyo wa Mombasa mwenye pembe la shaba, mpe salamu zangu uondoke. Nyingi ya hizo huungwaungwa India kwa ajili ya watalii: kisanduku kipya, pembe linalong'aa kama sinia la harusi, kibandiko cha mbwa kilichokaa upande, na ndani mna mota ya zamani iliyochakaa iliyotolewa kwenye portabo. Utanunua kwa bei ya kitu cha kale, ukute spea zake zimekwisha kuliko zako.

Sasa hao nyuki. Tazama kichwa cha sauti, kile kidude cha mviringo kinachoshika sindano. Kina namba nyuma. Kikiwa No. 4, utando wake ni wa ulanga na kazi yake ni nyepesi: ndani mna gasketi mbili za mpira zilizogeuka kuwa ngumu kama ukwaju uliokauka. Zitoe, weka mrija laini wa silikoni wa unene ule ule, kata ncha zikutane bila kupandana, kaza parafujo kidogo kidogo kwa zamu. Nyuki watahama. Kikiwa 5A au 5B, utando ni wa alumini, na mimi ningekuomba usikifungue mwenyewe. Baadhi vina gololi ndogo kama mbegu za mchicha, zikidondoka mkekani umezikosa. Isitoshe, mgongo wake ni wa ile zinki ya kumimina ambayo ikiwa na uchafu wa madini ya risasi huvimba na kupasuka yenyewe kwa miaka. Ukikilazimisha kufunguka, kitavunjika mkononi, na hicho ndicho kipuri cha ghali kuliko vyote. Badilisha ule mpira tu unaokiunganisha na mkono, ukiweza kuutoa bila nguvu.

Mota yenyewe ioshe kwa mafuta ya taa na brashi ya meno. Grisi ya zamani huwa nta, na hapo mikunjo ya kamani hushikana na kuachana kwa vishindo wakati santuri inacheza. Kamani irudi ndani na vaselini iliyochanganywa na unga wa grafaiti. Gavana, ile mipira mitatu inayoruka na kudhibiti mwendo, iangalie springi zake bapa. Moja ikikatika badilisha zote tatu, la sivyo mwendo utayumba. Kijitambaa kinachoigusa kipate tone la mafuta. Hendeli ikiwa imekula nyuzi, usihangaike na ng'ambo: fundi yeyote wa kukereza vyuma Mombasa atakutolea mpya ukimpa ya zamani.

Jirani hakukutakia mabaya, lakini sindano ya cherehani hapana. Santuri za zamani zina unga mkali ndani yake unaoinoa sindano ya gramafoni ikae sawa na mfereji, kwa hiyo ni sindano inayotakiwa kulika, si santuri. Ya cherehani ina umbo jingine na ugumu mwingine, italima shamba. Agiza za chuma za sauti ya wastani pamoja na kamani yako. Zamani zilikuja mia mbili kwa kikopo, na kila upande wa santuri sindano mpya. Wengi wanaona ni ubahili kuzitumia mara tatu; mimi naona ni uharibifu. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurikodi mwaka 1928, na kama hizo tatu za bibi ni za miaka hiyo, usizijaribie mashine hata mara moja. Tafuta santuri yoyote mbovu ya enzi hizo ya kujaribia, na isiwe ya plastiki, kwa maana mkono mzito wa gramafoni utaikwangua papo hapo.

Yote yakikaa, weka kipande cha karatasi chini ya santuri kichomoze kando, uhesabu kinapita mara ngapi kwa nusu dakika. Zikiwa mara 39, yaani 78 kwa dakika, mwite bibi. Zisipofika, geuza parafujo ya mwendo robo tu, uhesabu tena. Na usiku uiache kamani imelegea, sanduku mbali na dirisha la baharini.